Homa ya Redio ya Mama Sangpil

Mama Sangpil alikuwa na moyo mzuri na ulimi mrefu, na kijijini Solgae watu walikuwa wamevizoea vyote viwili. Ukipita mbele ya lango lake na ndoo yako ya samaki, utaulizwa kama umekula. Ukijibu umekula, utaulizwa umekula na nini, nani kapika, na kwa nini umekonda hivyo ikiwa kweli unakula. Mwenye haraka zake alizunguka njia ya nyuma, kwenye matope, akaona heri achafue viatu.

Kwa hiyo siku mwenyekiti wa kijiji, Bwana Maeng, alipotangaza kwenye kipaza sauti kwamba redio ya upepo ya kuzungumza na mashua za ngisi itafungwa nyumbani kwa Mama Sangpil, kijiji kizima kilicheka. Hakucheka Mama Okja mwenye duka, ambaye alikuwa ameshaiandalia redio hiyo nafasi kwenye rafu na kuifuta vumbi, kati ya sabuni na tambi.

"Kumpa yule redio," alisema, "ni kumwachia paka samaki."

Lakini nyumba ya Mama Sangpil ndiyo iliyokuwa juu kabisa kilimani, na mawimbi ya redio hayajali nani ana duka. Akaja fundi Yun kutoka mjini, kijana mwenye miwani na maneno ya haraka. Akasimamisha mlingoti uani, akavuta waya mpaka ndani, akaiweka redio kwenye rafu ya dirishani na betri yake kubwa chini yake. Halafu akamkalisha Mama Sangpil amfundishe.

"Mama, sikiliza vizuri. Ukibonyeza hapa kwenye maiki unaongea, ukimaliza unasema ova, ukiachia unasikiliza. Taa nyekundu ikiwaka, ujue wewe ndiye unayeongea. Ongea kidogo, dakika isiishe, halafu iache ipumzike. Haipendi baridi ya kugandisha, na haipendi joto. Ikizidiwa itakwambia yenyewe. Hii taa ya njano itapepesa, na kule baharini watakusikia kwa mbali. Ukizidi kuing'ang'ania, inajizima ili isiungue. Hapo usiipige wala usiitukane. Iache tu, itarudi."

"Kumbe inachoka kama mtu!"

"Kama mtu," alisema fundi Yun, akafunga mkoba wake akaondoka. Alikuwa amefundisha vizuri mpaka hapo, na akaharibu kila kitu kwa maneno mawili.

Mume wa Mama Sangpil, Mzee Baek, hakusogea hata kuiangalia. Ujana wake wote alikuwa fundi wa injini kwenye mashua za ngisi, mpaka baridi ya bahari ikamla magoti. Alitaka mwanawe Sangpil akae mezani kwenye ofisi ya ushirika, ashike kalamu, awe na magoti. Sangpil akaenda kwenye ngisi. Siku aliyobeba begi lake, Mzee Baek aliapa mbele ya majirani kwamba hatasema naye neno mpaka aachane na bahari. Kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Sasa sauti ya mtoto inaingia chumbani kila adhuhuri, na baba wa watu imembidi alale kifudifudi ajifanye anakoroma.

Maana kila adhuhuri mashua ziliita moja moja, kusema zilipo na kupokea habari za hali ya hewa. Ilipofika zamu ya mashua ya Nahodha Pyo, alimokuwa Sangpil, Mama Sangpil alikaa sawa na kulainisha nywele, utadhani anaonekana.

"Sangpil! Umekula?"

"Nimekula, Mama. Ova."

"Umekula na nini?"

"Wali na ngisi, Mama. Ova."

"Jana wali na ngisi, leo wali na ngisi! Ile kabichi ya kimchi niliyokupa umempa nani? Na zile soksi za sufi nilizokufumia, umevaa?"

"Nimevaa, Mama. Ova."

"Zote mbili?"

Hapo Nahodha Pyo alichukua maiki. "Mama Sangpil, na mimi niulize basi. Sina mtu wa kuniuliza habari za soksi." Mashua nyingine zikaingilia, huyu anacheka, yule anauliza kama bado kuna sufi. Bahari nzima ilijua hali ya miguu ya Sangpil. Hali ya hewa ilisomwa mwishoni, kama ikikumbukwa.

Kisha theluji ikaanguka. Kioo cha dirisha kikaota barafu kwa ndani, na Mama Sangpil akakumbuka neno la fundi, kwamba redio haipendi baridi. Lile la joto lilikuwa limeshamtoka akilini. Sikio la mama huchagua.

Katika nyumba ile, kama katika nyumba zote za Solgae, moto wa jikoni ulipita chini ya sakafu ya chumba, na pale panapopakana na jiko ndipo palipokuwa na joto kuliko kwingine. Hapo hukaa mwenye nyumba. Hapo huambiwa mgeni, sogea huku. Hapo hulazwa mgonjwa, na hapo huwekwa bakuli la wali la aliyesafiri, chini ya mfarishi, ili akirudi saa yoyote alikute lina moto. Kwa Mzee Baek palikuwa pake tangu babake afariki. Asubuhi moja alirudi kutoka chooni akipuliza viganja, akakuta kitu kimekaa pale, kimefunikwa.

"Hii nini?"

"Redio."

"Naona ni redio. Inafanya nini mahali pangu?"

"Inaota moto. Dirishani itaganda."

"Na mimi je, nikiganda?"

"Wewe huna sauti ya mtoto ndani yako."

Mzee Baek akabeba mto wake hadi upande wa mlangoni, penye upepo, akaanza kukohoa kikohozi kilichokusudiwa kusikika. Hakikusikika. Mkewe alikuwa amekaa na sindano anashona.

Alishona kifuniko. Wanawake wa Solgae hawawezi kuona mashine imekaa uchi. Kama ni televisheni, simu, jiko la wali, vyote vina nguo zao. Hii ya redio aliishona kwa mabaki ya mfarishi wa harusi yake, hariri nyekundu iliyojazwa pamba nene, na marinda pembeni. Akaacha tundu la waya wa maiki. Tundu la taa hakuacha, maana hakuona taa zina kazi gani kwa kitu cha kusikiliza. Akaivisha, akaigeuza huku na huku, akasema imependeza. Na kweli ilipendeza, Mungu amsamehe.

Haikupita juma moja mashua zikaanza kulalamika. "Solgae, sauti yako inafifia." "Solgae, umeingia kisimani?" Kisha siku moja, katikati ya swali la kimchi, redio ikalia pii, pii, pii chini ya nguo zake, ikanyamaza. Mama Sangpil akafunua pembe ya kifuniko. Taa ya njano ilikuwa inapepesa kama jicho la mtoto asiye na raha. Akaiwekea kiganja, akakiondoa haraka.

"Maskini," alisema. "Ina homa."

Sasa mtu wa Solgae akishikwa na homa ya baridi hufanywa nini? Analazwa penye joto, anafunikwa gubigubi, anapewa supu ya soya iliyochipua yenye pilipili mpaka jasho limtoke. Mama Sangpil alifanya yote hayo isipokuwa supu, kwa kuwa hakuona pa kuitilia. Aliongeza mifarishi miwili juu ya kifuniko, akaenda jikoni akaongeza kuni. Jioni, moto ulipokwisha kufa na redio imekaa kimya mchana kutwa bila kusumbuliwa, akaiwasha. Ikawaka vizuri kabisa.

"Umeona?" alimwambia mumewe. "Jasho limetoka."

Mzee Baek alikuwa amegeukia ukutani. Hakuona. Angegeuka mara moja tu, hadithi hii ingeishia hapa, lakini mtu aliyeapa hutunza shingo yake isigeuke. Kesho yake moto ukawashwa kwa chakula cha mchana, maneno yakawa mengi, na mgonjwa akashikwa tena. Hivyo hivyo kila siku, mchana homa, jioni nafuu.

Mama Okja hakuwa mtu wa kuiacha nafasi ipite. Aliwaambia wateja wote kwamba redio inakufa kwa sababu imechoshwa na porojo, na kwamba siku dhoruba itakapokuja, mashua zitaelezwa habari za soksi. Hapo hakukosea sana. Ikawa Bwana Maeng akapanda kilimani mwenyewe, akavua kofia mlangoni.

"Dada, mimi sina ubaya na wewe. Lakini kesho adhuhuri nitakuja na Mama Okja tusikilize. Ikizimika mbele yetu, itahamia dukani."

"Dukani! Nitaongea na mwanangu nimesimama kati ya sabuni?"

"Utaongea kwa zamu, kama wengine."

Hilo ndilo lililomuuma. Aliyajua mambo yatakavyokuwa. Mama Okja ameshika maiki, anambonyezea kitufe yeye Mama Sangpil kama mtoto, wateja wanasikiliza, na sauti ya Sangpil inatoka pale penye rafu kama bidhaa. Na kesho hiyo ndiyo iliyokuwa siku ya mwisho, maana jioni yake mashua ya Nahodha Pyo ingekwenda kaskazini, mbali ambako redio ya Solgae haifiki, mpaka baada ya mwaka mpya. Asipomsikia kesho, hatamsikia tena mpaka theluji ianze kuyeyuka.

Basi aliamka mapema akachochea moto kama wa harusi. Kuni za msonobari, tena kavu. Aliapa kwamba jasho la leo litaitoa homa yote na mizizi yake. Akaongeza mfarishi wa tatu.

Bwana Maeng na Mama Okja walivua viatu, wakaingia, wakakaa, na mara wakaanza kuinua tako hili na kulishusha lile. Sakafu ilikuwa inachoma. Poda ilianza kumtiririka Mama Okja shavuni. Mzee Baek alikuwa pale pale mlangoni, ameupa ukuta uso, na kwa mara ya kwanza majira hayo yeye ndiye aliyekaa pazuri.

Mashua zikaita. Ya kwanza ikapita salama, ya pili ikasema sauti haifiki vizuri. Kisha, "Solgae, Solgae, huyu ni Sangpil. Mama, leo nisikilize tu, usiseme. Fundi wetu ameshushwa bandarini mgonjwa, mimi ndiye niko kwenye injini. Injini inachemsha. Ikienda kidogo tu, mkono hauwekeki. Nguvu zinapungua, halafu inazimika. Tukiiacha ipoe, inawaka tena kama si yenyewe. Nahodha anataka tuondoke jioni hii hii. Mama, muulize Baba ni nini. Ova."

Muulize Baba. Jina hilo halikuwa limetoka kwenye redio ile tangu ifungwe. Mgongo wa Mzee Baek ulikakamaa.

Mama Sangpil akabonyeza. Ilimbidi aseme neno moja tu, subiri. Lakini mtoto wake yuko baharini na injini mbovu, na ulimi hauna mfupa. "Sangpil! Inachemsha vipi? Usiiguse! Umeungua? Nionyeshe... nieleze! Na huyo nahodha hana akili, mwambie mimi nimesema hakuna kwenda kaskazini, na kama ni baridi vaa zile soksi, na umekula? Maana mtu akiwa na njaa..."

Pii, pii, pii. Kimya.

"Haya," alisema Mama Okja, akijifuta shingo. "Tumeona wenyewe. Nani anafungua waya?"

"Hakuna anayefungua! Inaumwa tu! Imebakiza jasho kidogo!" Mama Sangpil akatoka mbio kwenda jikoni kuongeza kuni, machozi yakimlenga, na wakamsikia huko akimtukana moto.

Ndipo Mzee Baek alipogeuka. Alijiinua taratibu kwa sababu ya magoti, na alikuwa anasema peke yake, kwa sauti ya chini. "Mkono hauwekeki. Nguvu zinapungua. Inazimika. Ikipoa, inawaka." Akakitazama kile kichuguu cha mifarishi kilichokaa mahali pake. Akatoa wa kwanza, akatoa wa pili, akatoa wa tatu. Akavua hariri nyekundu. Akaweka kiganja juu ya redio, akakirusha pembeni.

"Mwenyekiti, hebu gusa."

Bwana Maeng akagusa. "Aii!"

"Mimi nimekaa na injini maisha yangu yote. Nani anafunika kitu kinachochemsha kwa mfarishi wa harusi?" Alifungua mlango wa kuelekea barazani, upepo wa theluji ukaingia na Mama Okja akashukuru kwa sauti. "Beba betri!" Mwenyekiti wa kijiji akabeba betri. Wakaitoa redio nje, wakaiweka juu ya mbao za baraza, na waya wa mlingoti ukafika kwa taabu. Mzee Baek akakaa kando yake kwenye baridi, amevaa soksi tupu.

Mama Sangpil akatokea na kuni mkononi. Akazidondosha. "Baba Sangpil! Unaniulia mgonjwa!" Akajitupa, akataka kuifunika kwa sketi yake mwenyewe, ikabidi mumewe amkamate mikono yote miwili.

"Mama Sangpil, haina homa. Inataka hewa."

"Nani kakwambia?"

"Mwanao kaniambia sasa hivi. Na wewe ulikuwepo."

Taa ya njano ikapepesa, ikapepesa, ikaacha. Redio ikakoroma kidogo na sauti ikatoka, imechoka kuita. "Solgae, Solgae, mnanisikia? Mama? Ova."

Wote wakaangalia maiki. Ilikuwa mkononi mwa Mzee Baek, na pengine hakujua ilivyofika pale. Aliitazama kama mtu aliyeshikishwa mtoto mchanga. Mama Sangpil akaficha mikono yake mgongoni, akauma midomo. Bwana Maeng, ambaye alikuwepo siku ya kiapo, aligeuka akaanza kutazama paa.

Mzee Baek akabonyeza. Taa nyekundu ikawaka.

"Umekula?" alisema.

Redio ikakwaruza.

"Baba?"

"Nimeuliza, umekula?"

"Nimekula, Baba. Ova."

"Maji ya kupoza injini yanatoka ubavuni mwa mashua?"

"Yanatoka, lakini kidogo kidogo, kama mzee anayekojoa. Ova."

Mashua tatu zilicheka kwa pamoja. Mzee Baek hakucheka. "Chujio la maji umelitazama?"

"Baba, chujio lilitoboka. Nikaweka kitu kingine badala yake. Ova."

"Kitu gani?"

Sangpil akakohoa.

"Sangpil. Kitu gani?"

"Soksi. Ova."

"Soksi gani?"

"Ya sufi, Baba."

"YA SUFI?" Mama Sangpil alipokonya maiki kwa nguvu ambazo hakuna aliyejua anazo. "Mwana wa kulaaniwa wewe! Kila siku nimevaa, Mama, nimevaa, Mama, kumbe injini ndiyo imevaa! Na ya pili iko wapi?"

"Nimeiweka akiba, Mama. Ova."

Nahodha Pyo aliingia akilia kwa kicheko, akasema kumbe amekuwa akiendesha mashua yenye soksi, akaomba na yeye aulizwe kama amekula. Ilichukua muda bahari kutulia. Mzee Baek akairudisha maiki kwake, akimbandua mkewe kidole kimoja kimoja.

"Sikiliza. Sufi ikilowa inavimba, maji hayapiti. Itoe. Chukua ule mfuko wa wavu wa vitunguu, ukunje mara mbili, ufunge badala yake. Halafu washa, tazama ubavuni. Maji yasipotoka kwa nguvu, msing'oe nanga, na mwambie Pyo nimesema mimi Baek. Na mafuta uyaangalie asubuhi, si jioni. Na magoti yako uyafunge kitambaa, usiniige mimi, mimi nilikuwa mjinga kama wewe, tena babangu aliniambia vile vile na mimi nikabeba begi. Na ule mlio ukiusikia kushoto usiogope, ile injini inalalamika tangu zamani, lakini ukiusikia kulia..."

Aliendelea. Akaingia kwenye habari za majira fulani ya ngisi ambayo hata Bwana Maeng hakuyakumbuka. Taa nyekundu imewaka, pale mbele ya macho ya kila mtu, bila nguo yoyote ya kuificha, na pembeni yake ile ya njano ikaanza kupepesa.

"Baba Sangpil, achilia!" Mama Sangpil alimpiga begani. "Dakika imekwisha! Unaiunguza!"

"Bado sijamaliza!"

"Mnaona?" Mama Okja alimwambia mwenyekiti. "Huyu ndiye mbaya kuliko mkewe."

Lakini hakusema tena habari za duka. Bwana Maeng alipomuuliza, alijibu kwamba dukani kwake kuna joto mno kwa kitu kama kile, akavaa viatu vyake akashuka. Baadaye kidogo Sangpil aliita kusema maji yanaruka kama ya bomba na mkono unawekeka. Jioni wakaondoka kwenda kaskazini.

Kesho yake adhuhuri Mama Sangpil alipakua wali, akaita, hakuitikiwa. Mahali penye joto palikuwa patupu, ingawa sasa hapakuwa na kizuizi chochote na mwenye mahali angeweza kurudi. Akatoka. Mumewe alikuwa amekaa barazani na koti lake kubwa, redio mbele yake, maiki gotini, theluji inamdondokea kofiani.

"Baba Sangpil, njoo ule. Wako mbali. Sauti yao haifiki hapa."

"Najua."

"Sasa unasikiliza nini?"

"Huenda akaita. Nenda ndani, usinipigie kelele."

Alisimama akamtazama. Alikuwa na maneno mengi, mengine mazuri sana, na kwa ajabu akayameza yote. Aliingia ndani akarudi na kile kifuniko cha hariri nyekundu, chenye pamba na marinda.

Mzee Baek akainua mkono kuikinga redio. "Nimekwambia, hiyo inataka hewa!"

"Magoti hayataki hewa," alisema mkewe, akamfunika magoti.

Mzee hakukitoa. Mama Sangpil akaenda kumletea wali wake hapo hapo nje.